Nusu Sahani ya Mzee Sosthenes Kihwele

Marehemu Sosthenes Kasian Kihwele alizaliwa tarehe 9 Mei 1957 katika kijiji cha Kalenga, Iringa, mtoto wa tatu wa mzee Kasian na mama Verediana. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1972.

Mwaka 1979 alihamia Ubaruku, Mbarali, akajifunza kuendesha mashine ya kukoboa mpunga. Aliifanya kazi hiyo mpaka alipozeeka. Alipenda sana wali. Wabeba magunia walimwomba ale wa mwisho, maana akitangulia yeye, wenzake walibaki na ukoko. Alikubali, akala wa mwisho, na ukoko akaumaliza.

Tarehe 21 Septemba 1996 alifunga ndoa na Tusekile Mwasomola, wakajenga Ilomba, hapa Mbeya. Walijaliwa watoto wawili. Tusekile hakwenda shule.

Mwaka 2018 marehemu alianza kuhema akipanda kilima cha kwenda nyumbani. Daktari alimweleza, mkewe akiwa pembeni, kwamba moyo ukizeeka hukakamaa, na mwili mzito na presha huuongezea kazi. Alimpa dawa, akamwambia pia apunguze chakula, anawe mikono kabla hajashiba. Tangu siku hiyo Tusekile alimpakulia nusu ya ugali aliouzoea, na mboga za majani kwa wingi.

Marehemu aliitazama sahani, akasema, "Mama Happy, hii ya kuonja iko vizuri. Sasa lete chakula."

Hakikuletwa. Baada ya mwaka mmoja presha ilishuka. Daktari alimpima moyo tena, akasema sasa unalegea vizuri zaidi kati ya pigo na pigo. Kilima alikipanda huku anaongea.

Lakini alikonda, na kwa akina Kihwele mume akikonda anaulizwa mke. Januari 2024 ukoo ulikaa kikao Kalenga. Yusta, dada wa marehemu, alisema wifi yake ananenepa kwa chakula cha mumewe. Mwenyekiti wa kikao akamuuliza marehemu mbele ya watu wote, "Nyumbani unashiba?"

Marehemu akajibu, "Sishibi."

Ilikuwa kweli. Habari ya daktari hakuitaja. Tusekile alipoinuka kuieleza, aliambiwa mtu wa kuolewa hasemi kwenye kikao cha ukoo. Marehemu alikuwa anaangalia chini. Wakamchukua siku hiyohiyo, akakae kwa Yusta, Ubaruku, arudishiwe mwili.

Mwili ulirudi. Yusta alimpikia wali asubuhi na jioni, na alipika kwa upendo, hilo halina ubishi. Dawa Tusekile alizituma kwa basi. Mwaka uliofuata miguu ya marehemu ilivimba, akawa hawezi kulala chali. Alilazwa hapa Mbeya, Tusekile akaitwa kumuuguza. Daktari alisema umri una sehemu yake, presha ina sehemu yake, na uzito nao una sehemu yake.

Yusta alikuja wodini na hotpoti ya wali na kuku. Marehemu aliisogeza pembeni.

"Yusta, mke wangu hakuninyima. Niliona aibu, mwanaume mzima, kusema nimekatazwa kula."

Yusta aliifunika hotpoti yake. Marehemu alifariki tarehe 17 Agosti 2025, saa kumi alasiri. Maneno yake Yusta aliyasikia, na leo yuko hapa, amekaa na wazee wa ukoo. Kikao cha pili mpaka sasa hakijaitwa.

Marehemu ameacha mjane, Tusekile, watoto wawili, Happy na Ipyana, wajukuu watatu, na dada yake, Yusta.

Mungu ampe pumziko jema. Baada ya maziko chakula kipo nyumbani, Ilomba. Kila mtu ajipakulie mwenyewe.