Mama Ndago na Kiraka cha Karibu na Bomba

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kukagua nyasi za majumbani mwa watu, mkaguzi wetu wa magugu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nyasi hazijatoa tamko lolote.

Jina la Mama Ndago tulimpa wiki yake ya kwanza katika kampuni hii ya bustani. Wakati wa chai alimgawia kila mmoja wetu bua, akatutaka tulisokote kwa vidole. Bua la nyasi huzunguka. La ndago, gugu linalofanana na nyasi, hukwama, kwa kuwa lina pembe tatu. Chai ilipoa. Hakuna aliyewahi kuchanganya tena.

Kutoka naye kulitaka subira. Tulipocheza fainali na kampuni jirani, alikuja kutushangilia. Mumewe alipomuuliza nani kashinda, alijibu kwamba golini upande wa kushoto kuna gugu la sangari. Tulifungwa manne.

Ila kazi yake tunayoisimulia zaidi ni ya nyumbani kwa fundi saa mmoja mzee, aliyefiwa na mkewe. Binti yake alikuwa anaolewa, na sherehe ingefanyika uani. Mzee alijivunia uwanja wake: kijani kibichi, majani mapana, umekatwa kila Jumamosi. Kilichomkera ni kiraka kimoja karibu na bomba la maji, chenye majani membamba yaliyolala chini. Alitaka kipigwe dawa siku hiyo hiyo.

Mpuliza dawa wetu alikuwa keshabeba pampu mgongoni. Mama Ndago akapiga magoti. Akachuma jani la huku, akachuma la kule, akayatazama mashina na vinyweleo, akarudia. Kisha akainuka, akaenda kusimama katikati ya kiraka.

"Mzee, hii usiiue," alisema. "Huu ndio ukoka uliopandwa. Huko kwingine ni gugu."

"Kwingine wapi?"

"Kote. Mpaka getini."

Mzee akasema uwanja ule aliupanda marehemu mkewe, kipandikizi kwa kipandikizi, akiwa na mimba ya huyo huyo bibi harusi. Akaketi kwenye ngazi ya baraza, akavua miwani. Mpuliza dawa naye akatua pampu, ingawa hakuna aliyemwambia.

Gugu lilikuwa limeingia na udongo wa kujengea ukuta, likaenea taratibu, naye mzee akalimwagilia kwa upendo miaka yote hiyo. Ukoka ulisalia pale bombani tu, penye kukanyagwa na kila mtu, kwa sababu wenyewe huvumilia kukanyagwa.

Binti alipoelezwa, hakufikiri mara mbili.

"Ng'oeni."

Meneja wetu akamtahadharisha kwamba harusi itafanyika kwenye udongo mtupu.

"Basi iwe udongo. Cha mama kibaki."

Tuling'oa. Tulipandikiza vipande vya ukoka kutoka kwenye kile kiraka, na wageni wakaombwa wasivikanyage kabla havijashika. Viti vilizama, na keki iliegemea upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi harusi alivua viatu akapigwa picha akiwa amesimama bombani, baba yake ubavuni. Walimwita na Mama Ndago wapige naye moja. Katika picha hiyo wote wanatazama kamera, isipokuwa yeye.

Mvua zilizofuata, ukoka ulifika getini. Mzee alipiga simu ofisini kutuarifu, akashindwa kumaliza sentensi, akakata. Mama Ndago alisema mtandao ni mbovu, kisha akatoka nje kwa muda.

Anatuachia wakaguzi wawili aliowafunza mwenyewe. Wote wawili wameshaomba namba yake ya simu.

Mama Ndago, asante kwa macho yako na kwa kutosema "nadhani" pale ulipojua. Tunakuombea afya, raha na asubuhi ndefu zisizo na haraka. Na mtu akikuita ukaangalie uani kwake, mwambie una wageni. Sisi tutathibitisha.