Walitukana Wakiwa Wazima

Treni ilisimama porini dakika ishirini, na fundi cherehani wa dirishani akaacha gazeti lake, maana majirani zake walikuwa na habari moto zaidi.

"Mdogo wangu anaolewa saa nne, na gauni ninalo mimi!" alifoka dada mwenye sanduku. "Dereva amelala?"

"Anasubiri taa, mwanangu," alisema mzee mmoja, mwongoza treni mstaafu. "Mbele reli ni moja. Mimi niliwahi kusimamisha treni hivihivi, abiria mia tatu wakanitukania mpaka marehemu mama."

"Ulistahili!"

"Huenda. Lakini walinitukana wakiwa wazima."

Mara treni ya mizigo ikawapita kwa kishindo, madirisha yakatetemeka. Dada akalikumbatia sanduku.

Treni ilipofika stesheni, akashuka mbio, kisha akageuka. "Sawa, mzee, lakini si wangetuambia tu?"

Mzee alifungua kinywa, mlango ukafungwa.