Maua ya Mlima Ulioungua

Vigelegele! Ndivyo vilivyonishtua, ndugu zangu, kabla sijajua vinapigwa kwa ajili ya nani. Bwana apewe sifa, maana leo naweza kuvitaja bila kuumia.

Niliporudi kufundisha kijijini kwetu Kirushya kutoka masomoni ng'ambo ya Ziwa, nilikuwa nimesoma elimu ya mimea kupita mwalimu yeyote wa Ngara, nami nilijikumbusha hilo kila asubuhi. Vigelegele vile vilikuwa vya kumshangilia Leokadia, mwalimu mwenzangu, aliyeishia darasa la sita. Mkaguzi wa shule, Mwingereza wa Biharamulo, alikuwa amemchagua aongoze shule mpya ya wasichana.

"Dada, mbona midomo imeshonwa?" Leokadia akanitania. "Hata kigelegele kimoja?"

Nilicheka, kisha nikaenda kuandika barua. Nilimweleza mkaguzi kwamba Leokadia anawalimisha wanafunzi shamba lake la maharage. Nilijua kabisa kuwa shamba lile ni la shule! Nilipima kila neno, ili uongo ufanane na huzuni ya mtu mwema. Sikutia sahihi. Baada ya wiki mbili agizo likafika shuleni: Leokadia asimamishwe kuanzia Jumatatu.

Jumamosi nilipanda mlimani kukusanya maua. Wafugaji walikuwa wamechoma nyasi, kama ilivyo desturi ya kiangazi, na mvua haikuwa imenyesha. Hata hivyo, juu ya majivu yalikuwa yamechanua maua mekundu, bila jani hata moja. Nikayaonea wivu hata hayo! Yamepata wapi uhai huo? Nikachimba kwa kisu. Chini kabisa nikakuta kiazi kinono, kilichojiwekea akiba tangu mvua zilizopita. Kando yake lilisimama ua la manjano, wala hakuna lililolinyima jingine jua.

Ndugu zangu, nikaketi majivuni. Miaka saba Leokadia alifundisha, mtoto mgongoni, mimi nikiwa mbali nikihesabu petali. Nililionea wivu ua. Kiazi sikuwahi kukiuliza. Nikalia, nikamwambia Yesu ukweli wote, na wivu ule ukaniachia.

Asante, Bwana! Nawe unayenuna mwenzako anaposhangiliwa, mtegemee Yeye. Hakunitupa, ingawa alinituma mahali pa aibu.

Jumatatu, kabla ya kengele ya shule, nilikuwa bomani mbele ya karani wa simu.

"Mwalimu, simu hii si ya salamu."

"Nataka kuungama kwa mkaguzi."

"Basi ungama kwa sauti. Laini ya Biharamulo inavuma."

Nikapaza sauti, ofisi nzima ikisikia: "Bwana Mkaguzi, ile barua isiyo na sahihi ni yangu, na ni uongo."