Maharagwe ya Shangazi Yenu

Sogeeni, wanangu, ila msinifunike tena, joto linatosha, na mnaolia lieni polepole, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki kuimalizia kwa kushindana na makamasi yenu. Ya mali hayana maneno mengi. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, asiiuze mmoja bila wenzake. Shamba la nyuma ni la dada yenu mkubwa, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kulilima bila kutumwa. Lililobaki ndilo linalonikaba.

Mnajua kazi yangu. Miaka thelathini na mmoja nilikaa dirishani pale ghala la ushirika nikipima maharagwe, kunde na mbaazi, na kila mkulima aliyeshusha gunia alinitazama mdomoni. Nilichota kiganja kimoja, nikamwaga kwenye sinia, nikatenga yaliyopasuka, yaliyotobolewa na wadudu na yaliyosinyaa, kisha nikatia punje moja kati ya meno: ikivunjika kwa mlio, imekauka, ikibonyea, irudi juani. Hakuna aliyenidanganya, wala sikumpendelea mtu, na nilijivunia hilo kupita kiasi.

Msimu mmoja shangazi yenu, dada yangu wa tumbo moja, akaleta maharagwe yake madogo meusi, mbegu aliyoachiwa na mama yetu. Yalikuwa makavu, safi, hayana hata tundu. Lakini kitabu chetu kilitaka punje kubwa zinazong'aa, na yake yalipita kwenye chekeche kama mchanga. Nikaandika daraja la tatu, la kulisha mifugo. Akaniambia taratibu, "Kaka, haya ndiyo yaliyokukuza." Foleni nzima ilikuwa inasikiliza, nikaona haya, nikamjibu kwa sauti kubwa kwamba ghala halipimi undugu. Akajitwika gunia lake akaondoka, na tangu siku ile tunaishi nyumba zinazotazamana, hata mbuzi wake hunililia nikipita, yeye kimya.

Miaka miwili baadaye akaja mtaalamu wa lishe, mama mmoja mpole, akachukua kiasi cha kila aina akakipime maabara. Majibu niliyasoma peke yangu. Yale madogo yalizidi yote tuliyopokea kwa protini na madini ya chuma, na yaliiva kwa nusu ya kuni. Makubwa yangu yanayong'aa, yakishakaa miezi sita chini ya bati la moto, yaligoma kuiva hata uchemshe mpaka sufuria ichoke. Karatasi ile nikaikunja, nikaificha chini ya godoro hili. Kuvuka barabara ni hatua ishirini, nimezihesabu mara nyingi nikiwa dirishani hapa nyumbani, na sikuvuka.

Mama yenu alipofariki na nyinyi mkatawanyika na kazi zenu, wala siwalaumu, nilibaki napika kikombe kimoja cha maharagwe kwa ajili ya mtu mmoja, nayachemsha kutwa, nayala yakiwa bado yanakwaruza meno, na upepo ukigeuka nasikia harufu ya chungu cha shangazi yenu. Nimekuwa mpweke, wanangu. Nasema bila kuficha, na upweke huu nilijitafutia mwenyewe.

Basi, itoeni hiyo karatasi. Msomeeni yote, na tarehe pia, ajue nimeikalia muda gani. Mwombeni mbegu, kila mmoja wenu. Mkivuna, zikausheni vizuri, mziweke mahali pa baridi, msizirundike chini ya bati kama mimi. Watoto wenu wale hayo, na asiyachague mtu kwa macho.

Nipeni maji... kidogo tu. Inatosha.

Mungu awalinde. Awape afya, na meza isiyokosa mtu wa pili wa kukaa nanyi. Nimewasamehe, nami nisameheni.

Nenda wewe, kitindamimba wangu, wewe hukupenda kugombana na mtu. Nenda sasa. Usimwambie kwamba nakufa, atakuja kwa kunihurumia... na huruma siitaki. Mwambie tu... kaka yake ana njaa.