Magogo Yaliyoshinda Mashoka: Kumuaga Mama Phelesia Akeyo

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Phelesia Akeyo anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kuitafutia karakana yetu ya Rongo miti migumu ya bei nafuu. Kamati imenipa ukurasa mmoja wa kumuaga. Mimi ndiye dereva wake wa pikapu, na wanaonijua wanajua kwamba nikianza kumsimulia Mama Phelesia sifiki mwisho haraka. Nitajaribu, Mungu akinisaidia.

Kwa wageni wetu wa leo, karakana hii ni ya kanisa, na kazi yetu ni kukereza mbao, yaani kuzichonga zikizunguka kwenye mashine: miguu ya stuli, michi ya vinu, bakuli, bakora za wazee, vijiti vya kusukumia chapati. Ni kazi ndogo ndogo. Mteja wetu ni mama wa soko la Oyugis anayetaka mchi mmoja, tena usiopasuka. Mchi kama huo unataka mti mgumu, na hapo ndipo shida huanza. Muuza mbao hakukatii kipande. Anataka ununue ubao mzima, na ubao mmoja wa mvule ni ghali kuliko michi yote utakayouza mwezi huo. Fundi anaweza kuwa hodari namna yoyote, lakini bila mti wa bei yake, mashine inalala.

Mama Phelesia hakuja kwetu kama mtaalamu wa misitu. Alikuja na gunia la makaa. Miti aliijua kwa kuichoma. Mwanzilishi wetu, marehemu Mzee Nicanor, alikuwa akinunua makaa kwake ya kuchemshia chai ya mafundi, na siku moja alimuuliza makaa haya mazito ni ya mti gani. Akamjibu kwamba ni ober, ule mti mpana wenye kivuli, na kwamba alikotoka huo kulikuwa na mwingine umeanguka. Mzee akasema, "Dada, huo mwingine usiuchome. Niletee." Mafundi walimcheka kwamba ameokoka kutoka motoni. Naye hakukasirika. Alisema hata Paulo alianza kwa kutesa, na wao waendelee tu kunywa chai.

Miaka ile ya kwanza miti ilipatikana. Tulinunua mti ulioangushwa na upepo, mwembe uliozeeka, mpera uliokauka. Halafu ikafika 2018. Ukataji wa miti katika misitu ya serikali ukasimamishwa, wauza mbao wakapandisha bei, na wenye miti shambani nao wakagundua kwamba wana dhahabu. Tukaanza kukereza mkaratusi mbichi. Bakuli zilitoka nzuri Jumatatu, na ikifika Jumapili zimepasuka. Wateja wakaturudishia vitu, wengine wakivirusha mlangoni.

Kamati ilikutana. Ndugu Cliff, mweka hazina wetu wakati huo, alikuwa ameketi kwenye stuli yetu wenyewe akitueleza kwamba mkaratusi unatosha, ni mafundi tu wavivu. Mguu ukapasuka. Akajikuta sakafuni bado anaongea. Hakuna aliyethubutu kucheka ila Mama Phelesia, aliyemshika mkono kumwinua huku akisema, "Pole, ndugu yangu, mti umekujibu." Lakini kicheko hakikutuokoa. Kamati iliamua kwamba kama kufikia Krismasi ya mwaka uliofuata hatutakuwa tumepata mti mgumu ambao wateja wetu wanaumudu, mashine zitauzwa na mafundi saba waende nyumbani. Mama Phelesia alisimama akasema neno moja tu: "Hawaendi."

Safari yetu ya kwanza baada ya hapo ilitutia aibu, na mwenyewe ameniruhusu niisimulie. Upande wa Oyugis palikuwa na matanga ya mzee mwenye boma kubwa. Ober kubwa lilikuwa limekatwa kwa ajili ya matanga, na shemeji ya mjane alituuzia gogo moja zuri kwa bei tuliyoipenda. Tukapakia upesi, tukimsifu Mungu. Hatukuuliza gogo lilikuwa la nini. Sisi sote ni watoto wa huku, tunajua kwamba mzee wa Kijaluo akifariki moto mkubwa huwashwa uwanjani, ule uitwao magenga, na waombolezaji hukaa hapo. Tulijua, na tamaa ikatusahaulisha. Mtoto mkubwa wa marehemu, anaitwa Job, alisimama mbele ya pikapu mikono kiunoni. "Mama, baba yangu hata kaburini hajaingia, na nyinyi mshabeba moto wake?"

Nilitaka kueleza kwamba tumelipa. Mama Phelesia alinikanyaga mguu. Akashuka, akaomba msamaha mbele ya watu, gogo likateremshwa. Nilidhani sasa tutaondoka. Yeye akafunga leso kiunoni akaenda jikoni kwa akina mama, akaosha sufuria mpaka mzee akazikwa. Mimi nikatumwa Rongo kuleta kuni za mkaratusi, pikapu tele, mchango wetu kwa waombolezaji. Baada ya mazishi Job alitufuata mwenyewe. Akatuonyesha shina la mti ule ule, sehemu ya chini yenye mafundo. "Hili limeshinda mashoka yote ya ukoo," akasema. "Kama mnaliweza, bebeni mtuondolee."

Ndugu zangu, pale ndipo Mungu alipotufungulia mlango. Katika kila matanga makubwa ya pande hizi hukatwa mti, na katika kila mti kuna sehemu ambayo shoka haliwezi kuipasua. Kwa kuni haifai. Kwa kukereza, yale mafundo ndiyo urembo wenyewe. Mama Phelesia akaweka utaratibu ambao hatujauvunja mpaka leo. Kwanza tunaomboleza. Tunapeleka kuni laini zinazowaka haraka. Hatutaji mti mpaka marehemu azikwe na wenye boma waseme. Na mti ukikauka, kitu cha kwanza kinachokerezwa kinarudi kwa familia. Mjane wa Oyugis alirudishiwa bakuli, akawa anaipitisha kwa wageni kila wakija: "Shikeni, huu ni mti wa mzee." Simu za familia nyingine zikaanza kulia.

Kulikuwa pia na jambo la kukausha. Gogo bichi hupasuka kuanzia kwenye ncha, na rangi ya kuzipaka hatukuwa na pesa ya kuinunua. Basi mishumaa ya madhabahuni ikaanza kuisha haraka. Benard, mtunza kanisa letu, alifunga kabati kwa kufuli, akalalamika kwamba kuna panya wanaokula nta. Panya huyo alikuwa Mama Phelesia, akikusanya masalio ya mishumaa, akiyayeyusha na kupaka ncha za magogo. Alipokamatwa alimwambia Benard, "Mshumaa umeshamaliza kuomba. Sasa wacha ufanye kazi." Siku hizi Benard mwenyewe humwekea masalio.

Mafundi nao walijifunza kukereza mara mbili: mara ya kwanza mti ukiwa mbichi, wakiacha unene, kisha kuufukia kwenye takataka za randa mpaka utulie, ndipo wamalizie. Kanisa moja jipya la Mbita likaagiza vijiguzo vya kuzungushia madhabahu. Tulivifikisha kabla ya Krismasi ile tuliyopewa, vyote vya miti iliyoshinda mashoka, na hakuna kilichopasuka. Kamati ikafuta uamuzi wake. Ndugu Cliff mwenyewe ndiye aliyetoa hoja, akiwa amesimama.

Lakini mwaka jana Mama Phelesia alipotangaza kustaafu, hofu ilirudi. Familia hazikuwa zikipigia karakana simu. Zilikuwa zinampigia yeye. Mtu hampi mti wa baba yake mtu asiyemjua. Mwenyekiti akapendekeza tubandike namba ya ofisi sokoni. Mama akamjibu kwamba namba haijawahi kuosha sufuria matangani.

Akamchagua Nyamoita, mkerezaji wetu, aliyezaliwa Kehancha, kwa Wakuria. Tulinong'ona, na nakiri hata mimi nilinong'ona. Mkuria katika matanga ya Wajaluo, atapewa mti? Mama Phelesia alimbeba kila mahali mwaka mzima. Kule Mbita mzee mmoja alimchokoza mbele ya watu, kwa ule utani wa zamani wa Wakuria na wizi wa ng'ombe: "Huyu Mkuria amekuja kuangalia miti ama ng'ombe wetu?" Nyamoita akajibu kwa Kijaluo chake chenye lafudhi ya Kikuria, bila kuacha kupepeta mchele, "Ng'ombe ninao, baba. Mti ndio sina." Kicheko kilizima redio. Mzee akamwitia kiti. Mama Phelesia alikuwa jikoni, hakutoka kumtetea. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nikimtetea leo, nani atamtetea nikiwa nyumbani?"

Wiki iliyopita tulikuwa tukinywa chai ya saa nne. Simu ikalia. Sote tukamwangalia Mama Phelesia, naye akaanza kupapasa mkoba wake. Ilikuwa simu ya Nyamoita. Familia moja ya hapa Rongo ilikuwa imefiwa, mti umekatwa, na walikuwa wanamtaka Nyamoita, kwa jina. Nilichukua ufunguo wa pikapu. Mama Phelesia alinyanyuka, kwa mazoea tu, akashika leso yake. Halafu akamfunga Nyamoita leso hiyo kiunoni, akaketi, akamalizia chai yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini chai aliimaliza.

Mama, asante kwa mafundi saba ambao hawakwenda nyumbani. Bwana akupe afya, kivuli na wajukuu wa kukuchosha, na kazi ya kukaa tu. Sisi tunaenda kupakia kuni.

Wesley, dereva
Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa karakana