Felista Sayi Raymundi (1976–2025), Aliyeahidiwa kwa Utani

Sikuomba kazi hii. Wasifu ulikwisha andikwa na watu wa shirika lake, ukaletwa juzi umepigwa chapa vizuri, na ndani yake marehemu anaitwa "mdau" na "nguzo", lakini hapana mahali panaposema alikufa akisubiri nini. Nikauliza kwa nini. Binti aliyeuleta, Najiat, ambaye ni katibu wa shirika, akasema, "Bibi, tukiandika hayo tutaharibu mahusiano." Mahusiano na nani? Akaanza kupanga karatasi zake. Mtu akinikwepa hivyo, mimi hata chai yake sinywi. Basi nimeandika mwenyewe, shangazi yake niliyemlea, kwa herufi nilizofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Binti wa marehemu, Tunu, amepiga chapa. Nimemwambia asinyooshe kitu.

Marehemu Felista Sayi Raymundi alizaliwa tarehe 3 Machi 1976 huko Ziba, Igunga, mtoto wa kwanza wa kaka yangu, marehemu Raymundi. Mama yake alifariki mwaka 1982 baada ya kumzaa Gervas. Nikawachukua wote wawili, nikaja nao kwangu Chemchem, Tabora.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1984. Mimi nilikuwa nauza asali sokoni Mtendeni, na Gervas hakuwa na pa kuachwa, kwa hiyo Sayi alikwenda naye shuleni mgongoni. Mwalimu akamwambia, "Hapa si kliniki, rudi nyumbani." Kesho yake akaenda naye tena, akasimama nje ya dirisha, akawa anajibu maswali kutoka huko huko. Mwalimu alipochoka kufukuza, akamwingiza ndani, Gervas akawekwa kwenye kona na kipande cha chaki. Mwalimu huyo alinifuata sokoni kulalamika. "Mama, huyu mtoto wako hana aibu." Nikamwambia, angeipata wapi? Marehemu alimaliza darasa la saba mwaka 1990, kidato cha nne mwaka 1994, na akapata cheti cha ualimu mwaka 1997.

Alifundisha kwanza huko huko Ziba, kisha akahamishiwa Tabora mjini mwaka 2005, akapewa darasa la awali ambalo walimu wengine walilikimbia. Tarehe 23 Juni 2001 alikuwa amefunga ndoa na Kornel, fundi seremala, mtu mpole asiyesema. Nilimchunguza sana huyo Kornel kabla sijakubali. Wamejaliwa watoto wawili, Festo na Tunu.

Mwaka 2014 aliacha kazi, yeye na walimu wenzake wakaanzisha Shirika la Malezi Unyanyembe. Nilimuuliza, nani anaacha mshahara wa serikali ili akaiombe fedha serikali hiyo hiyo? Akasema, "Shangazi, siombi zangu. Naomba za watoto ambao hawajafika umri wa kuandikishwa shule, maana hao hakuna anayewapangia kitu." Sikuamini. Nimeona mashirika mengi yakipita mji huu kama misafara ya zamani, yanafika na bendera, yanapiga picha watoto, yanaondoka na mizigo. Sayi na wenzake kazi yao waliiita uchechemuzi, yaani kuwafuata wenye maamuzi ofisini, vikaoni, hata njiani, mpaka fedha za malezi ya watoto wadogo ziingie kwenye bajeti ya halmashauri.

Walikuwa na kituo cha mfano hapa Chemchem, nyumba ya kupanga, kwa ajili ya watoto wa akina mama wa sokoni. Nilikwenda siku moja bila kuaga, nikakaa kwenye kigoda tangu uji unachemka mpaka wazazi walipokuja. Nilikuwa natafuta kasoro. Nilichoona ni mtoto wa muuza dagaa mmoja, ambaye sokoni tulizoea kumwona amefungwa kanga kiunoni kwenye mguu wa meza asikimbilie barabarani. Alikuwa amekaa chini anapanga vifuniko vya chupa, vyekundu huku, vyeupe kule, na anajisemea peke yake kama mzee. Sijasema niliwaamini. Nasema nilichoona.

Sasa nafika mahali ambapo watu wa shirika hawataki nifike. Bwana Adinani ni afisa wa halmashauri, anashughulika na mipango. Ni Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu wazee wetu waliposhuka pwani na mizigo kichwani. Mwaka 2021 alifiwa na mama yake hapa hapa Tabora. Sayi akaenda msibani kama mtani anavyotakiwa. Akajifunga kanga ya mama huyo, akaigiza mwendo wake, watu wakacheka huku wanalia. Kisha akanyakua viatu vya Adinani.

"Viatu utavipata watoto wa Chemchem wakiingia kwenye bajeti."

"Beba tu! Nyie kubeba vya watu ndiyo kazi yenu!"

"Na nyie kazi yenu kukaa pwani mnacheza ngoma, mzigo ukitua mnasema wenu."

"Haya bwana, wataingia. Nipe viatu, nisiende makaburini peku."

Akampa. Alirudi nyumbani amefurahi. Nikamuuliza, amekuahidi kwa utani au kwa kweli? Akasema, "Shangazi, ahadi ni ahadi." Bajeti ilipotoka, kituo hakimo. Akamfuata ofisini. Adinani akacheka, "Sayi, yale si yalikuwa ya msibani?" Naye hakuweza kumlaumu, kwa sababu kwetu neno la mtani halishtakiwi popote. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na nilimwambia akiwa hai, kwa hiyo naweza kulisema leo. Alimfungulia mtu wa serikali mlango wa kutokea. Miaka iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Akienda na barua, anajibiwa kwa mzaha. Akienda na akina mama wa sokoni, wanachekeshwa mpaka wanasahau walichofuata.

Mwezi Machi 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Dar es Salaam akapata nafuu, lakini ugonjwa ukarudi Septemba mwaka jana. Mwezi huo huo wafadhili waliandika kwamba mwisho wao wa kulipia kituo ni Juni mwaka huu. Halmashauri isipokichukua, kinafungwa, na watoto wanarudi kwenye mguu wa meza. Sayi hakusema habari ya maumivu yake. Aliisema hiyo.

Desemba, Adinani alikuja kumjulia hali. Nilikuwepo, na sikutoka chumbani ingawa alinitazama kama anayengoja nitoke. Akamsalimia kwa Kinyamwezi chetu.

"Mwangaluka, Mnyamwezi! Bado hujafa?"

"Nakungoja utangulie ukanifagilie."

"Ukifa nitalala kaburini mwako mpaka nipewe jogoo."

Sayi alicheka mpaka nikamshika mgongo. Kisha akauliza taratibu, "Kituo?"

"Safari hii kimo. Nimekiweka mwenyewe."

"Sema bila utani, Adinani."

Akasimama, akaanza kutafuta funguo za pikipiki yake, na funguo anazo mkononi. "Pona kwanza, utakiona."

Alipoondoka, Sayi aliniuliza, "Shangazi, wewe umemsikiaje?" Nikamwambia nilivyomsikia. Akageukia ukutani.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa tatu asubuhi, hospitalini hapa Tabora. Swali lake lilikuwa bado halijajibiwa.

Jana Alhamisi Adinani alifika msibani, akayaficha makoleo ya wachimba kaburi, akapiga kelele, "Hachimbiwi mtu hapa mpaka jogoo!" Ni haki yake, na kwa kweli ilinipendeza kwamba Sayi amepata mtani wa kumlilia hivyo. Vijana wakakimbilia jogoo. Nikawazuia.

"Shangazi, unaua mila," akasema.

"Siiui. Jogoo yupo, huyo unamsikia. Kwanza niambie, kituo kimo au hakimo?"

"Mambo ya ofisi hayasemwi msibani."

"Kwenye msiba wa mama yako yalisemwa."

Akaenda nyuma ya choo, akayatoa makoleo mwenyewe, akayaegemeza ukutani, akaondoka bila kudai hata yai. Watu wakasema amefanya uungwana. Mimi ndipo nilipoingiwa na wasiwasi zaidi. Mtani haachi jogoo hivi hivi. Najiat alikuwa ananivuta nguo ninyamaze. Nikamwambia aniachie nguo yangu.

Marehemu ameacha mume, Kornel, watoto wake Festo na Tunu, mdogo wake Gervas, mimi shangazi yake, na watoto wa kituo cha Chemchem ambao leo asubuhi wameambiwa mwalimu amesafiri. Mungu ampe pumziko, maana hapa kwetu hakulipata.

Bwana Adinani, najua upo. Zamu yako ya kutupa udongo ikifika, sema neno moja kwa sauti, kimo au hakimo, na usicheke. Ukisema hakimo nitakupa mkono mbele ya watu wote, kwa sababu nitajua pa kuanzia.

Na ninyi mlioshika karatasi hii. Baraza la madiwani linakaa kupitisha bajeti Alhamisi tarehe 6 Februari, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Mje, mjae mpaka mlangoni. Msivae fulana za shirika, msilete mabango. Mkae, msikilize, na wasipokitaja kituo, mtu asinyanyuke kwenda nyumbani. Ambaye anajua hatakuja, aiache karatasi hii kwenye benchi sasa hivi. Ina picha ya Sayi, na sitaki iende kufungia karanga.