Binti Aliyepewa Kazi ya Kubisha

Mbele yangu ndani ya basi, fundi cherehani alimlalamikia jirani yake wa kiti, muuza viatu. "Dada, mwalimu wa hesabu kawagawia watoto kazi kwenye vikundi. Binti yangu kapewa kubisha. Jana nimekata mkate nusu kwa nusu, akasema, 'Mama, thibitisha.' Tumepima mpaka chai ikapoa! Naenda kumwombea awe mtunza muda."

"Usithubutu! Wangu ndiye mtunza muda. Babu yake yuko katikati ya dua, mtoto anamwambia, 'Babu, dakika zako zimekwisha.'"

Mimi, ndiye huyo mwalimu mpya wa hesabu, nilifurahi kimyakimya. Somo lilikuwa limeingia mpaka majumbani.

Basi likasimama. "Shuleni hapa!" kondakta akaita.

Fundi akamkazia macho. "Thibitisha."